Kanisa Tulilolichora Bila Kuliona

Binti wa Odia alinipigia simu asubuhi moja ya kiangazi, nikiwa uani nachambua maharagwe. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake, lakini niliijua kabla hajajitaja, maana ilikuwa ya mama yake, nzito kidogo na isiyo na haraka. "Mama Ngosa? Ni minye Ntumba, mutoto ya Odia. Mama alituacha jana." Nilimwambia pole, nikamuuliza kama aliteseka, akasema hapana, alilala tu. Yeye alikuwa Mwene-Ditu, huko Kasai, na mimi hapa Likasi, Katanga, kusini mwa Kongo. Jirani yangu, aliyenikuta baadaye nimekaa mbele ya ungo bila kufanya kitu, aliuliza ni nani aliyefariki. Nikamjibu: rafiki wa shule. Jibu hilo lilikuwa dogo mno. Maisha yangu yote nimeishi kwa kuchora majengo, na watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kazi hii mimi huitaja shule yangu, kwa kuwa hilo ndilo linalotarajiwa. Ukweli ni kwamba nilijifunza kwa mwaka mmoja, katika chumba cha kupigia pasi cha nyumba ya masista, nikiwa na Odia, kwa kuchora kanisa ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona.

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya nyumba yao, karibu na jiko. Masista walikuwa wamehamishia kazi ya pasi kwenye baraza, ila harufu ya wanga na ya makaa ilibaki kutani, na ilipochanganyika na harufu kali iliyoletwa na upepo kutoka viwanda vya Shituru, tulilazimika kufunga madirisha na kuvumilia joto. Katikati palikuwa na meza ndefu ya mbao, pana kuliko kitanda, ambayo zamani walikunjia mashuka. Juu yake Sista Godelieve, tuliyemwita Masere kama tulivyowaita masista wote, alitandaza picha zake. Alikuwa mwalimu wetu wa uchoraji kwa miaka yote ya sekondari, mwanamke mrefu wa Kiflamand, kutoka Ubelgiji, aliyezeekea Katanga, mwenye vidole vilivyoanza kujikunja kwa ugonjwa wa viungo. Tulipomaliza shule alituita sisi wawili. Odia alikuwa na jicho la kuona, alisema, na mimi nilikuwa na mkono usiotetemeka. Mikono yake mwenyewe haikuweza tena kushika penseli kwa saa nzima. Hakutuficha kitu. Alisema kazi yenyewe ni ndefu, haitamnufaisha mtu yeyote wa Likasi, na atafurahi sana tukikubali. Odia akanitazama, akasema, "Siye tunakubali," kabla sijafungua kinywa.

Kanisa lenyewe lilikuwa la watawa wa kiume waliojenga katika kijiji cha akina Masere zama zile za kati, karne nyingi kabla ya babu za babu zake. Lilipata kila balaa ambalo jengo linaweza kupata. Sehemu ya altare ilibomolewa watawa walipofukuzwa, mawe yakauzwa kwa wakulima wakajengea mazizi. Paa liliungua kwa radi, likajengwa upya kwa namna nyingine. Mwishowe vita kuu ya kwanza iliangusha mnara na kuta zilizobaki, na Masere, aliyezaliwa baadaye, alikulia kando ya shamba la viazi ambamo jembe lilikuwa likigonga mawe yaliyochongwa. Sasa wanakijiji walitaka kuonyesha umbo la kanisa lao la kale: wapange mawe shambani palepale msingi ulipopita, na seremala atengeneze kanisa dogo la mbao la kuwekwa shuleni. Ndugu yake alikuwa amekusanya picha, akamtumia nakala. Kulikuwa na mchoro wa rangi kutoka kitabu cha sala, ambamo kanisa lilikuwa nyuma ya mtakatifu, dogo kama kiberiti. Kulikuwa na picha ya chapa ya zamani sana iliyoonyesha kanisa zima kwa mbele, na watu wenye kofia wakipita na mbwa wao. Kulikuwa na mchoro wa rangi za maji wa msafiri mmoja. Na kulikuwa na fotografia moja, iliyopigwa kwenye bamba la kioo, kama walivyofanya kabla ya filamu, miaka michache kabla ya vita, siku ya mawingu.

"Kila picha inasema kweli na kila picha inasema uongo," Masere alituambia siku ya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu, kilichochanganyika na Kifaransa. "Msiulize kwanza nini kinaonekana. Ulizeni nani alichora, alisimama wapi, na alitaka kumfurahisha nani." Yule wa kitabu cha sala alitaka kumfurahisha abati, mkuu wa watawa, kwa hiyo aliongeza madirisha. Msafiri alipenda magofu, kwa hiyo aliongeza majani ukutani. Fotografia haikutaka kumfurahisha mtu, lakini ilipigwa wakati nusu ya kanisa imekwisha kupotea. Tuliweka karatasi ya kalki, ile inayopitisha mwanga, juu ya kila picha, tukafuata mistari, kisha tukazilinganisha kalki hizo moja juu ya nyingine dirishani. Kilichokubaliana tulikipeleka kwenye mchoro mkubwa. Kisichokubaliana tulikibishania. Umeme wa bwawa la Koni ulipokatika, tulibeba vibao vyetu hadi barazani, na masista waliokuwa wakipiga pasi walituuliza nyumba ya Mungu imefika wapi leo.

Katikati ya kiangazi Masere alipelekwa Lubumbashi kutibiwa viungo vyake, akatuachia swali moja. Mbele ya kanisa, kando ya mnara mkubwa, palikuwa na mnara mdogo mwembamba uliobeba ngazi. Kwenye picha ya chapa ulikuwa upande wa kulia. Kwenye fotografia ulikuwa kushoto. Moja kati ya hizo ilikuwa imegeuka, kama uso unavyogeuka kwenye kioo. "Amueni ninyi," alisema, "na mchore."

Tulikaa na swali hilo siku nyingi. Tulijua kwamba makanisa ya zamani yaligeuzia altare mashariki, kwa hiyo anayelitazama kwa mbele ana kaskazini kushoto kwake na kusini kulia. Odia ndiye aliyeona vivuli. Fotografia ya mawingu haikuwa na kivuli hata kimoja, lakini kwenye picha ya chapa watu wenye kofia na mbwa wao wote walikuwa wamelaza vivuli upande wa kulia. Upande wa kusini. Akanivuta mkono hadi uani, jua likiwa limesimama juu ya paa la jiko, upande wa kaskazini kama linavyokaa Likasi kiangazi chote. "Angalia kivuli yako," akasema. Kililala kusini. "Unaona? Njo vilevile. Ile ya chapa iko sawa. Ile fotografia njo banageuza kioo yake." Nilimkumbatia kwa furaha. Tukauchora mnara wa ngazi upande wa kulia, kwa wino, pamoja na madirisha yake membamba na mlango wake, na ule ubavu wote wa kusini ukaufuata.

Masere aliporudi alisimama mbele ya mchoro muda mrefu akiwa bado na kofia ya safari. Akauliza kwa upole kwa nini tuliiamini picha ya chapa. "Juu ya kivuli, Masere," Odia akajibu, akaeleza yote, hadi ile safari ya uani. Uso wa yule mama mzee ulibadilika polepole. Akaketi, akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho kwa shela yake. "Wanangu," akasema, "kwetu jua halipiti kaskazini. Kamwe. Kiangazi wala baridi, linapita kusini, na kivuli cha mchana kinalala kaskazini." Tulimtazama kama mtu aliyesema kwamba kwao mvua hunyesha kwenda juu. Alituchorea duara la dunia, akaweka Ubelgiji juu na Likasi chini, akaweka jua katikati. Kisha akaeleza kuhusu ile chapa: fundi aliichonga juu ya bamba la shaba, akapaka wino, akalikandamiza bamba juu ya karatasi, na kulia kukawa kushoto. Watu, mbwa, mnara na vivuli, vyote viligeuka pamoja. Odia aliinama mezani, akakwangua wino kwa wembe. Baadaye tukiwa njiani aliniambia, "Minye nilizania jua ni moja." Nikamwambia ni moja. Akasema, "Apana. Iko moja, lakini kila muntu anaionea kwake." Tulilicheka hilo wiki nzima.

Siku hizo nilikula zaidi kwa akina Odia kuliko kwetu. Waliishi mtaa wa Panda, katika nyumba ya matofali ya kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini, iliyofanana na zote za mstari ule mpaka uikaribie. Baba yake, Papa Tshibangu, karani aliyeingia kazini kijana, alikuwa ameongeza baraza la mbele lenye ukuta mfupi wenye matundu, na jiko pembeni lenye bomba refu. Mama yake, Mama Ntumba, ambaye mjukuu angekuja kupewa jina lake, alisonga unga wa mahindi na wa muhogo pamoja, akakiita chakula kile bidia. Kwetu tulikiita bukari, na kila mmoja alidai cha mwenzake ni kigumu mno. Tulikula na sombe, majani ya muhogo, na samaki wadogo, Papa Tshibangu akituuliza habari za kanisa kama vile lilikuwa linajengwa kweli mtaa wa pili. Jioni moja Odia alimweleza alichokigundua siku hiyo: kwenye fotografia, usoni mwa mnara, palikuwa na mstari wa mshazari, hafifu kama kovu. Ulikuwa ni mahali paa la kwanza lilipoegemea, kabla ya radi. Paa la zamani lilikuwa refu zaidi, na ndugu yake Masere hakuwa amelijua hilo. Papa Tshibangu aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo," akasema, "hata kitu kikiondoka, ukuta unakumbuka." Mama Ntumba akamwambia ale, chakula kinapoa.

Maneno mjini juu ya watu wenye asili ya Kasai, kama akina Odia, yalikuwa yameanza kubadilika, lakini mtu wa miaka kumi na minane huyasikia kama redio ya jirani. Nilianza kusikiliza siku mjomba wangu Kasongo alipokuja kula kwetu. Alikuwa akimega bukari na kusema kwamba Wakasai sasa wanarudi kwao, vyeo vitapata wenyewe, watu wa Katanga, nyumba vilevile. Mama hakuinua kichwa. "Kwabo ni wapi?" akauliza. Mjomba akasema Kasai. "Odia alizalikia ku Panda," mama akasema. "Minye nilikuwa pale. Nilishika taa." Mjomba akasema hayo ni mambo ya siasa, si ya wanawake. Mama akamwondolea sahani akiwa hajashiba, akaenda kuiosha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mawe yalitupwa juu ya mapaa ya Panda. Papa Tshibangu alikuta mtu mwingine kwenye kiti chake kazini. Familia moja baada ya nyingine ikabeba magodoro na masufuria hadi stesheni kungojea treni ya kwenda Kasai, na treni haikuja, au ilikuja ikajaa kabla haijasimama. Walilala kwenye jukwaa, kwenye mabehewa mabovu, chini ya mahema ya vitenge, wiki kwa wiki, na mvua zikaanza. Akina Odia walienda huko wakati nyumba ya jirani yao ilipochukuliwa. Nilimpelekea chakula kila siku. Mama alisonga kwa kuchanganya unga wa muhogo, kama Mama Ntumba, bila kusema kwa nini. Na kila siku, nikishampa mama yake bakuli, Odia alifunga kitenge kilichokauka na kuniambia, "Tuende ku kanisa." Tulitembea hadi kwa masista. Masere alikuwa amemwomba alale kwao, Odia akakataa kuwaacha wazazi. Kwa hiyo alimpa maji ya moto ya kuoga, supu, na kiti chake mezani. Odia alichora paa refu mbao kwa mbao. Sijaona tena mtu akichora vile. Siku moja sista wa jikoni alisimama mlangoni na kuuliza, si kwa ubaya, inawezekanaje mtoto akae achore nyumba ya Wazungu waliokufa wakati yeye mwenyewe hana nyumba. Masere alikuwa karibu kumjibu. Odia ndiye aliyejibu, bila kuacha rula: "Hapa njo mahali moja tu kwenye hakuna muntu ananiambia niondoke."

Walipopata nafasi kwenye treni ilikuwa mchana, mvua nyepesi ikinyesha. Papa Tshibangu alivaa suti yake ya ofisini. Mama Ntumba alimshika mama yangu mikono. Odia alinipa kopo la biskuti lililofungwa kwa kamba. "Ni mafoto yetu," akasema. "Kule njiani banaiba, na mvua. Utunze. Nitatuma muntu." Nikamwambia ubavu wa kaskazini bado. "Unajua vile inakuwa," akasema. "Fanya polepole." Kisha watu waliokuwa nyuma walisukuma, naye akaingia behewa la mizigo. Sikuona mkono wake dirishani kwa sababu behewa halikuwa na dirisha.

Niliumaliza ubavu wa kaskazini peke yangu. Kwa siku za mwanzo sikuweza. Nilikaa mezani na Masere akakaa ng'ambo yangu akisali rozari, na hakunihimiza. Padre mmoja aliyekuwa anakwenda likizo Ubelgiji alizibeba karatasi zetu zimeviringishwa ndani ya bomba la plastiki. Pembeni niliandika majina mawili, lake kwanza. Kisha nikabaki bila kazi, nikafungua lile kopo.

Nilikuwa nimeanza kupita njia nyingine ili nisiione nyumba ya Panda, lakini siku moja nilipita. Ukuta wa matundu wa baraza ulikuwa umebomolewa. Mwenye kuingia mle alikuwa anajenga kibanda cha kuuzia sigara na sabuni, na bomba la jiko lilikuwa limelala kwenye nyasi. Nilirudi kwa masista nikazitandaza picha za kopo kwenye meza ndefu. Komunyo ya kwanza ya Odia, barazani. Papa Tshibangu na baiskeli mpya. Ubatizo, Krismasi, Mama Ntumba mjamzito mlangoni pa jiko akimkemea mpiga picha. Hakuna aliyekuwa amepiga picha ya nyumba. Nyumba ilikuwa nyuma yao tu. Masere aliingia, akaangalia, akaelewa. Akaniletea kioo chake cha kukuzia na karatasi ya kalki. Nilihesabu matofali kati ya bega la Odia na kizingiti, nikapata urefu wa mlango. Nilipima baiskeli ya mjomba, ya aina ileile, nikapata upana wa baraza. Nyuma ya nyumba, kilipokuwa chumba cha watoto, hakuna aliyewahi kusimama apigwe picha. Upande huo niliuacha mweupe. Mchoro ulipokauka niliuweka ndani ya kopo pamoja na picha zote, nikampa Mama Banza, mfanyabiashara wa samaki aliyesafiri na treni mara kwa mara na aliyejua kumpata mtu popote. Sikujua kwa nini niliufanya. Nilifikiri labda wangeutundika ukutani.

Mvua zilikuwa zimekwisha Mama Banza aliporudi. Alikuja kwetu moja kwa moja kutoka stesheni, miguu imejaa vumbi, hata hakukubali maji kwanza. Aliwakuta Mwene-Ditu, wamepewa kiwanja pembeni mwa mji, wazima wote ila Mama Ntumba anakohoa. "Yule baba yao anajenga," akasema. "Amekamata ile karatasi yako, anatembea nayo kila pahali, anagombana na fundi. Baraza imekwisha. Jiko imekwisha. Sasa wamesimama." Nikamuuliza kwa nini. "Ule upande ya nyuma hauna kitu. Baba anasema dirisha ya batoto ilikuwa kubwa, mama anasema ilikuwa ndogo. Odia anasema uende upime."

Nilikwenda asubuhi iliyofuata na futi ya kukunja ya Masere mfukoni. Yule mwanamume aliyeingia mle hakuwepo; kwenye kibanda alikuwa mkewe, mwanamke kijana wa Katanga kama mimi, ana mtoto mgongoni. Nilikuwa nimetayarisha uongo kuhusu kazi ya wilaya, lakini aliponiuliza, akiniita dada mkubwa kwa lugha ya kwetu, "Unatafuta nini, yaya?" nilimwambia ukweli. Nilimwambia waliokuwa wakikaa hapa wanajenga nyumba kule walikopelekwa, wanaijenga kama hii, na hawakumbuki vizuri dirisha la nyuma. Nilidhani atanifukuza. Akatazama mlangoni, ndani, kama mtu anayesikia hatua za mwingine, halafu akatoka kwenye kibanda na kunitangulia kuzunguka nyumba.

Dirisha lilikuwa dogo. Mama Ntumba alikuwa amekumbuka sawasawa. Nilishindwa kufika juu na kushikilia futi kwa wakati mmoja, na yule mwanamke, bila kuombwa, akashika ncha ya chini akaikandamiza ukutani kwa kidole gumba. Niliandika upana, nikaandika kimo kutoka ardhini. Nilipokunja futi na kumshukuru, hakusogea.

"Kule ndani iko mlango ya kwenda ku chumba ya wazazi," akasema. "Ile nayo, uko nayo?"

Nikamwambia sina.

Akamhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kiunoni, akafungua mlango wa nyuma. "Ingia," akasema. "Pima yote."